Aloi moja au mbili? Inconel 625 na Hastelloy C-276 katika mitambo ya kuteketeza taka

Katika mitambo ya kuteketeza taka ya Ulaya kuna ubishi usioisha: kiwanda kizima kitumie aloi (mchanganyiko wa metali) moja ya nikeli, Inconel 625 au Hastelloy C-276, au zote mbili? Wanaotaka moja wana hoja nzito. Stoo inakuwa nyepesi, mchomeleaji hachanganyi waya, na kwa macho aloi hizi hazitofautiki hata kidogo.

Lakini tazama kinachopita humo ndani. Plastiki ya PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi. Kwenye boila, majivu yenye kloridi za zinki na risasi hushika juu ya mabomba, yakayeyuka, yakaanza kula chuma. Dawa iliyozoeleka ni kuyavika mabomba tabaka la Inconel 625, unene wa milimita 2 hivi, kwa kuchomelea. Ina kromiamu ya asilimia 20 hadi 23, na kromiamu ndiyo inayojenga utando wa kinga palipo na moto na oksijeni. Mchomeleaji akizidisha joto, chuma cha chini huyeyuka na kuchanganyika na tabaka, basi pesa ya nikeli imekwenda na maji. Na hata kazi ikiwa safi, bomba likipita nyuzi 400 za Selsiasi tabaka huanza kulika upesi.

Shuka sasa kwenye mnara wa kusafishia moshi. Moshi wa moto unakutana na maji, haidrojeni kloridi inageuka asidi. Pabaya kuliko pote ni mdomoni, moshi unapoingia, pale ukuta unapoloa na kukauka, kuloa na kukauka; kila ukikauka, chumvi na asidi hubaki zikiwa kali zaidi. Hapo naipa Hastelloy C-276 bila kusita: ina molibdeni, metali inayosaidia kuhimili asidi hiyo, asilimia 15 hadi 17, dhidi ya 8 hadi 10 ya 625, na metali ya tangsteni juu yake. Kwenye boila sioni sababu ya kuilipia, maana kromiamu yake ni kama 16 tu.

Wapo wanaouliza kwa nini mnara usivikwe mpira tu, bei nafuu. Chini, kwenye ubaridi, wana haki kabisa. Mdomoni, pampu ya maji ikizimika dakika chache, mpira unaungua.

Kwa hiyo nasimama na aloi mbili. Hofu ya kuchanganya vyuma haina uzito kama zamani, kwani kipimo cha eksirei cha mkononi kinataja aloi kwa sekunde chache. Kinachonipa shida ni njia ya moshi kati ya boila na mnara. Kiwanda kikiwaka, humo ni pakavu na chuma cha kawaida kinatosha. Kikizimwa, kuta zinapoa, asidi inakuwa matone juu yake. Kiwanda kinachozimwa mara moja kwa mwaka kwa matengenezo kibaki na chuma chake. Kinachozimwa kila taka zinapopungua, hapo C-276 inastahili bei yake.