Gari la Puto Lipimwe Sakafuni, Sio kwa Rangi

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze kutumika nchini Uganda mwaka 2020, kazi ya mradi si ya kupoteza wakati tena. Asilimia 20 ya matokeo ya UCE, mtihani wa taifa wa mwisho wa Senior 4, hutokana na kazi inayofanywa shuleni. Kwa hiyo gari la puto, yaani kigari kinachosukumwa na hewa inayotoka kwenye puto, ambalo wanafunzi wengi wa Senior 1 na Senior 2 hulitengeneza kwa gharama ndogo mno, linastahili kuangaliwa kwa makini. Maoni yetu ni kwamba tunalisahihisha vibaya. Meza hujaa magari yaliyopakwa rangi nyeusi, njano na nyekundu, yakabandikwa taa za karatasi na bendera, lakini ukiyashusha chini yanasogea shibiri moja na kukwama. Alama bora apewe mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini la kwake lilikwama na alilifanyia nini.

Tuanze na nguvu yenyewe, maana hapo ndipo wengi hukosea. Puto la sherehe likipulizwa, presha ya ndani huizidi ya nje kwa asilimia chache tu. Mpira uliovutika unaminya hewa, hewa inatoka nyuma, gari linasukumwa mbele: ni kanuni ya tatu ya Newton, aliyoichapisha mwaka 1687. Ila msukumo huo ni mdogo. Kwa mrija wa kutolea hewa wenye upana wa milimita 6, hesabu inatoa kama uzito wa gramu 10 hivi, na hewa inakwisha ndani ya sekunde chache. Gari la gramu 50 linaweza kwenda vizuri kwa nguvu hiyo. La gramu 200, lenye ubao, misumari na rangi tabaka tatu, halina bahati.

Vifaa vinapatikana popote. Kadibodi ngumu ya sentimita 18 kwa 8 ndiyo mwili. Kijiti kimoja cha mishikaki cha sentimita 30 kinatoa ekseli mbili, yaani vijiti vya kushikia magurudumu, za sentimita 13. Mirija miwili ya soda ikatwe vipande vya sentimita 9, ili kila kipande kitokeze kidogo nje ya kadibodi pande zote mbili. Bila hivyo magurudumu yatakwaruza mwili. Magurudumu ni vifuniko vinne vya chupa za maji. Ongeza selotepu, mpira wa kufungia pesa, na puto mawili, kwa sababu moja litapasuka. Pasipo na mirija ya plastiki, kikonyo kikavu cha jani la papai kinaweza kushika ekseli, mradi uchague kilichonyooka na chenye tundu lililo sawa mwanzo hadi mwisho.

Kazi ngumu iko kwenye magurudumu. Tundu lisipokuwa katikati kabisa, gari litachechemea, na kila mchechemeo unakula nguvu ambayo tayari ni haba. Weka kifuniko juu ya karatasi, chora mzingo wake, kata, kisha ukunje duara hilo mara mbili. Mikunjo inapokutana ndipo katikati. Toboa kwa msumari mwembamba uliopashwa moto, mtu mzima akiwepo. Tundu liwe dogo kidogo kuliko kijiti ili kifuniko kikibane. Gurudumu na ekseli vizunguke pamoja ndani ya mrija, na kati ya gurudumu na ncha ya mrija paachwe milimita 2. Gundi ya maji ni hatari hapa. Tone moja likiingia ndani ya mrija, ekseli inaganda, na mwanafunzi anabaki kulilaumu puto.

Halafu kuna ekseli zisizo sambamba. Pima umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Ekseli zikiwa zimeachana sentimita 12, tofauti ya milimita 2 tu inatosha kulipeleka gari pembeni karibu mita 1 katika safari ya mita 3. Likipinda ingawa vipimo ni sawa, angalia kama mrija wa hewa umeelekea upande.

Kuna imani mbili ambazo tungependa walimu wenzetu waziondoe darasani. Ya kwanza ni kuvalisha magurudumu mpira wa ndala ili "yashike barabara". Injini ya gari halisi huzungusha magurudumu, hivyo lazima yashike. Gari la puto linasukumwa na hewa. Magurudumu yanabingirika tu, na mpira huo unaongeza uzito bila faida. Magurudumu yakiteleza bila kuzunguka, ekseli imekwama, basi. Imani ya pili ni kwamba gurudumu kubwa ni bora daima. Ni kweli kwamba gurudumu kubwa hupunguza madhara ya msuguano wa ekseli: ekseli ikibaki ileile ya milimita 3, gurudumu la sentimita 6 linakatisha ukinzani huo nusu ukilinganisha na la sentimita 3. Lakini ukitumia CD kama magurudumu, moja ina gramu 15 hivi, na nne ni gramu 60, kuzidi gari zima. Ukitaka ukubwa, kata duara za kadibodi na ubandike mbili mbili.

Kwa njia ya hewa tunapendekeza bomba la kalamu ya biro kuliko mrija laini. Mrija ukifungwa kwa mpira wa pesa hubanwa ukawa bapa, na hewa ikakosa njia. Bomba la kalamu halibanwi. Kalamu za Bic zina kitundu kidogo ubavuni. Kizibe kwa selotepu, la sivyo hewa itavuja humo. Ingiza bomba sentimita 2 au 3 ndani ya mdomo wa puto, zungusha mpira wa pesa mara kadhaa, pulizia, kisha upake povu la sabuni kwenye kiungo. Mapovu yakivimba, funga upya. Bomba likae juu ya kigingi cha kadibodi cha sentimita 4 au 5, kwa sababu puto lililojaa ni pana kuliko gari na litagusa magurudumu. Puto jipya lipulizwe na kuachwa mara mbili kabla ya jaribio, ili mpira ulegee. Lililokaa juani dukani hukakamaa na kupasuka mapema.

Kabla ya kulifunga puto, jaribu gari bila puto. Chukua ubao wa mita 1, weka gari juu yake, inua ncha moja polepole. Likianza kubingirika lenyewe ncha ikiwa imeinuka sentimita 5, ukinzani wake ni kama sehemu moja ya ishirini ya uzito wake. Likihitaji sentimita 15, rudi kwenye ekseli. Jaribio hili halihitaji maabara, na linamwonyesha mtoto kosa liko wapi.

Mashindano nayo yawe ya haki. "Puliza sana" si kipimo. Kata uzi wa sentimita 70, na kila puto lipulizwe hadi uzi uzunguke kiuno chake sawasawa. Rudia mara tano kwenye sakafu ileile ya saruji, andika umbali wa kila safari, kisha badilisha kitu kimoja tu: upana wa bomba, au gurudumu, au uzito. Ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua kilicholeta mabadiliko.

Wazazi tunawaomba jambo moja: msimamieni mtoto kwenye moto na kisu, mengine mwacheni afanye. Vijiji vyetu vimejaa watoto wanaounda magari ya waya yenye usukani bila kufundishwa; mikono hiyo haikosi ufundi. Na mwalimu anayesahihisha, kati ya alama 20, atoe 8 kwa daftari la vipimo, 6 kwa maelezo ya kasoro na marekebisho, 4 kwa umbali, na 2 kwa unadhifu. Kisha alipindishe bomba la hewa kidogo na amuulize mwenye gari litaelekea upande gani, kabla ya kuliachia.