Upinde Haulii, Karani Anangoja Mlio

Ukikaa na wawindaji wa upinde, hawachelewi kukufikisha kwenye habari ya kimya. Bunduki ikilia mara moja kwenye shamba la mabua, kila bata bukini mwenye masikio anahamia ng'ambo ya ziwa, na asubuhi yako imekwisha. Upinde unasema "puf" tu, na kundi linalokuja nyuma halina habari. Rafiki yangu, nimwite Fundi kwa kuwa mishale anaitengeneza kwa mkono wake, alinihubiria kimya hicho mpaka nikaanza kuiona bunduki ni ushamba. Kitu kimoja alikiruka katika mahubiri yake: mbwa wake alisomeshwa kwa bunduki.

Mbwa ni Labrador mweusi, dume, anaitwa Karani, na jina limemkaa. Mbwa wa kuokota windo hufundishwa hivi: anaketi, mtu wa pili anasimama kama mita 40 mbele, anafyatua bastola ya baruti tupu, kisha anarusha juu furushi la turubai. Mlio, macho juu, kitu kinaanguka, mbwa anakariri mahali kilipoangukia na kungoja. Hatoki mpaka aitwe jina lake. Akiitwa, anakwenda moja kwa moja, anaokota bila kuuma, anarudi, anaketi mbele ya mwenyewe na kungoja neno "toa". Rudia hayo kwa miezi, na mbwa ataamini kwamba ulimwengu uliumbwa kwa mlio. Karani hafanyi lolote nje ya utaratibu huo. Ni kama wale wa ofisini wasiopokea fomu isiyo na muhuri.

Sasa bukini mwenyewe. Yule wa Kanada akikomaa ana kilo 3 hadi 6, na akiwa safarini anakata kilomita 60 kwa saa bila kujitutumua. Mshale wa mwendo wa mita 70 kwa sekunde unahitaji karibu theluthi ya sekunde kufika mita 20, na katika muda huo bata amesogea kiasi cha mita 5. Yaani ukimlenga kifuani, mshale unafika kwenye hewa aliyokwisha kuitumia. Ndiyo maana mwindaji wa upinde hamsumbui bata anayepita. Anamngoja atue: mabawa yameinama, miguu imeshuka, mwendo umekatika, umbali usiozidi mita 20. Upinde wa kapi wenye uzito wa kuvuta wa kilo 22 unatosha kabisa, mradi chembe cha mshale kiwe na makali mapana, kwa sababu manyoya ya kifua cha bukini ni godoro zima.

Kwa bata aliye hewani hutumii mshale wa kawaida. Ukikosa, unaweza kwenda zaidi ya mita 200 na kushuka usikokujua. Unatumia ule wanaouita flu-flu: manyoya ya bata mzinga yasiyopunguzwa, 4 au 6, yamesimama wima kuuzunguka uti. Mita 20 za mwanzo unakwenda sawasawa, halafu manyoya yanakamata hewa, mshale unachoka na kuanguka karibu. Soma tena maelezo hayo kwa akili ya mbwa: kitu chenye manyoya kinapaa, kinapepesuka, kinaanguka mita 40 mbele.

Maficho ya kulala chali yanayopendwa na watu wa bunduki hayatufai. Ukiwa chali huwezi kuvuta upinde, ncha yake ya chini inagonga ardhi. Tulisimamisha ukuta wa matete, tukakaa nyuma yake kwenye vigoda, upepo mgongoni. Bata hutua wakielekea upepo, kwa hiyo wangekuja wakitutazama usoni. Mbele tukapanga bata bandia 24 kwa umbo la U, mdomo wake ukielekea wanakotokea bata, na katikati tukaacha uwanja wa kutua, mita 18 kutoka tulipo. Wengi wawe wameinamisha vichwa kana kwamba wanakula, walinzi wa vichwa juu wawe watatu tu. Ukiweka walinzi wengi, kundi linaona huku chini kuna wasiwasi. Umande nao lazima ufutwe, kwani plastiki iliyolowa inameta na bata wanaiona toka mbali. Kazi ya kufuta migongo 24 nilipewa mimi. Fundi alisimamia.

Karani alifungwa kwenye kigingi nyuma yetu. Katika hilo hakuna mjadala: mshale ukiwa kwenye upote, mbwa amefungwa, mbwa akiwa uwanjani, pinde zimetundikwa. Na mshale uliokosa hufuatwa na mtu, maana chembe chenye nyembe tatu kikilala kwenye mabua hakichagui pua ya nani.

Wakaja watano. Fundi akainuka mapema mno, kiongozi wao akamwona, wote wakageuza matumbo na kuanza kupanda. Akapiga hivyo hivyo. Mshale ukapita nyuma ya bata wa mwisho, ukachoka, ukashuka polepole na manyoya yake ya rangi ya machungwa. Karani hakuwa amesikia mlio, kwa hiyo alikuwa bado anakitazama kisogo cha Fundi akingoja kazi ifunguliwe. Lakini jicho likanasa kile kinachopepesuka. Kigingi kilikuwa cha sentimita 20 na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kabla hatujatamka lolote, Karani, kigingi na kamba walikuwa katikati ya shamba.

Alirudi na mshale, ameushika kwenye manyoya, chembe kikiwa mbali na mdomo. Akaketi. Nikamkagua midomo na ulimi, hana hata mkwaruzo. Fundi akapokea na kumshukuru, kwa sababu mbwa aliyeleta kitu hakaripiwi. Ukimkaripia kikiwa mdomoni, kesho atakiangusha njiani.

Tatizo likawa manyoya. Yalikuwa yamelowa mate hadi shinani, na nyoya lililolowa linalala. Mshale usio na manyoya yaliyosimama hauna usukani, nyuma yake inayumba na mbele inakwenda itakako. Dawa yake ni mvuke wa birika: unauzungusha juu ya mvuke kidogo tu, manyoya yanasimama tena. Birika hatukuwa nalo. Nilimwambia auweke kando. Fundi akaukung'uta mara mbili, akaupuliza, akaurudisha kwenye podo pamoja na mishale mizima.

Karani tukamfunga upya, safari hii kwenye mguu wa kigoda cha Fundi, kwa hoja kwamba Fundi ana kilo 90 na kigoda hakiwezi kung'oka. Hoja nzuri, ina pengo moja dogo: ili apige upinde, Fundi lazima ainuke.

Kundi la pili walikuwa saba. Nikawapulizia filimbi, sauti ya chini inayovunjikia juu, na walipogeuka nikanyamaza. Bata aliyekwisha kukubali ukiendelea kumpigia kelele unampa muda wa kufikiri. Wakashusha miguu. Mmoja akatua kwenye uwanja kabisa, mita 18. Fundi akachomoa mshale wa kwanza uliomgusa vidole, akaupachika bila kuutazama, akainuka, akavuta, akaachia.

Nilijua ni mshale gani kwa jinsi ulivyotoka. Ulitikisa mkia, ukapinda kushoto, ukampita bata halisi na kumkuta mlinzi wetu mmoja ubavuni.

Sasa, bata bandia hawa ni maganda matupu ya plastiki ngumu, na baridi ya asubuhi ilikuwa imewakakamaza. Ganda likapasuka: PAA! Masikio yangu yakasema bunduki. Masikio ya Karani yakasema: hatimaye!

Macho yakaenda juu. Bata saba wanapaa, hakuna anayeanguka. Macho yakashuka. Bata mmoja ana mshale ubavuni, anayumba kwenye kijiti chake, anakwenda kifudifudi. Karani akakariri mahali. Akangoja, kama kanuni inavyosema. Fundi alipogeuka na kuuona ule uso wa mbwa aliyepata maana ya maisha, akapaza sauti: "Karani, usi—"

Walimu wa mbwa hawachoki kulisema hili: katazo lisianze na jina, maana jina ndilo ruhusa. "Thubutu" ilibaki mdomoni mwa Fundi. Karani alikuwa ameshaondoka, na kigoda nyuma yake.

Tukatundika pinde. Karani akambeba bata wa plastiki kwa mgongo, bila kumuuma, chembe kikiwa kimefichwa ndani ya ganda, akaja kuketi mbele ya Fundi. Fundi akamtazama yule bata. Akanitazama mimi. Akasema, "Toa," kisha kwa shida, "Mbwa mzuri."

Pengine yangeishia hapo, kama si kigoda. Katika kwenda na kurudi kilikuwa kimefagia mkono wa kushoto wa ile U, na kila bandia kilichompitia alianguka kwa kishindo chake. Paa. Paa. Kwa hesabu ya Karani, asubuhi ile tulikuwa tumelenga vizuri ajabu, na windo lilikuwa limelala kila mahali bila mtu wa kuliokota. Fundi akamwita arudi. Alianza na nini? Na jina. Karani akaenda. Akaleta wa pili, na kigoda kikaangusha wengine wawili. Fundi akamwita tena, kwa jina, kwa ukali zaidi, na mbwa akaongeza mwendo. Nilipofanikiwa kukata kamba ya kigoda tayari ilikuwa haisaidii kitu, kwa sababu Karani alikuwa ameshaelewa kwamba hata waliosimama ni wetu.

Makundi mengine mawili yalipita wakati ule, chini kabisa, umbali ambao mwindaji wa upinde huuota. Sheria ni sheria: mbwa yuko uwanjani, pinde ziko kwenye kulabu. Bata walizunguka mara moja, wakamwona mbwa mweusi akiwahamisha wenzao mmoja mmoja kuelekea kwenye matete, wakaamua eneo halifai. Wote 24 walifika miguuni pa Fundi, wamerundikwa vizuri, na Karani akaketi mbele ya lundo akingoja "toa" ya mwisho.

Dawa ya mambo haya inajulikana. Unamrudisha mbwa kwenye mafunzo, unamrushia furushi bila mlio wowote, mpaka ajifunze kutumainia macho. Inachukua wiki kadhaa. Fundi ameona ni nyingi. Yeye ametengeneza vibao viwili vya mti mgumu vyenye bawaba, vya kugonga PAA bata halisi akianguka, ili Karani ajue kazi imefunguliwa. Vinafanya kazi barabara. Siku ya kuvijaribu, Karani alitazama juu papo hapo, na kila bukini shambani alikuwa tayari yuko ng'ambo ya ziwa.