Mimi Niko Upande wa Mahidevran, Anayenuna Anune

Jumamosi nilikuwa saluni, Mwanga hapa Kigoma, nasuka twende kilioni. Ya haraka tu, maana kesho yake tulikuwa na arobaini Ujiji. Mle ndani tulikuwa wanawake sita na ajenda ilikuwa moja: mwanaume mmoja wa mtaani, mfanyabiashara wa dagaa, aliyevuka ziwa kwenda Kalemie, Kongo, kufuata mzigo akarudi na mzigo na mke. Jamani, alisemwa! Saa nzima. Msusi wangu alimsema huku anavuta nywele kana kwamba kichwa ni cha yule mwanaume. Na mkewe masikini, aliyeuza vitenge vyake kumpa mtaji! Mungu anamwona!

Mara kwenye televisheni ya ukutani ikaanza Sultan, ile tamthilia ya Kituruki ya Sultani Suleiman na wanawake wake, marudio ya marudio. Mahidevran, yule aliyemtangulia Hürrem kwa Sultani, yuko chumbani kwake analia, mtumishi wake anambembeleza. Saluni ikalipuka kwa shangwe. "Na bado!" akasema msusi. Dada aliyekuwa ndani ya draya akatoa kichwa nje ili acheke vizuri. Wale wale, vinywa vile vile, hata mate ya Kalemie hayajakauka.

Nilitaka kusema neno, nikakumbuka kichwa changu kiko mikononi mwa nani. Ndiyo maana naandika.

Mnamchukia Mahidevran kwa sababu moja tu: mmesafiri na Hürrem, yule mtumwa aliyekuja baadaye akapendwa na Sultani. Tamthilia inapoanza yuko kwenye meli, binti aliyetekwa, anauzwa. Umemuona akilia, umemuona akiingizwa kwenye kasri la watu akiwa hana hata jina lake mwenyewe. Mtu uliyepanda naye chombo kimoja ni ndugu yako, sisi watu wa ziwa tunalijua hilo. Kwa hiyo yeyote atakayemkuta mlangoni huko aendako ni adui, hata kama huyo wa mlangoni ndiye mwenye nyumba.

Sasa anzieni Manisa. Suleiman hajakalia kiti, ni mwana wa mfalme anayetawala mkoa. Mahidevran yuko naye huko, na mwaka 1515 wanampata Mustafa. Mwaka 1520 baba mtu anafariki, Suleiman anakuwa Sultani, mama anafunga mizigo na mtoto wake wa miaka mitano kwenda Istanbul akijua anakwenda kula alichopanda. Anafika, kuna sauti ya mtu mwingine inacheka ndani. Ingepigwa picha kutokea upande huo, mngeshika leso tangu sehemu ya kwanza, na Hürrem mngemuita jina ambalo siwezi kuliandika hapa, mama mkwe wangu anasoma.

Haya, aliweka sumu. Sibishi, nimeiona. Na ngumi alizipiga, tena hilo halikutungwa na waandishi wa tamthilia: balozi mmoja wa Venisi wa zama zile aliandika kwamba Mahidevran alimparura mwenzie uso, akamng'oa nywele, akamwita nyama ya kuuzwa. Ni tusi baya, kumwambia hivyo mtu aliyeuzwa kweli. Sultani alipotuma Hürrem aitwe, Hürrem akajibu kwamba hastahili kwenda mbele yake, maana yeye ni nyama ya kuuzwa na uso umeshaharibika. Hapo namvulia kilemba. Mwanamke yule alikuwa na akili ya kuuza baharini maji ya chumvi.

Lakini naomba mnijibu swali moja. Katika yote hayo, aliyekuwa akiamua leo aitwe nani na kesho nani, ni nani? Mbona yeye hazomewi? Suleiman akitokea tu, saluni inatulia: "Jamani yale macho." Macho! Wanawake wawili wanang'oana nywele kwa ajili ya ratiba aliyoipanga yeye, na ninyi mnaangalia macho. Yule wa dagaa kosa lake basi ni kwamba hana kilemba na farasi.

Marehemu bibi yangu alikuwa bi mkubwa, Ujiji. Alianza na babu wakati mtaji wao ni tenga moja. Bi mdogo alipokuja, bibi akageuka "mkorofi", na jina hilo amezikwa nalo. Mimi ninachokumbuka ni sahani. Siku ya zamu yake alikuwa anakaanga migebuka kwa mawese, anapanga ugali, anafunika na kawa, anaweka mezani, anakaa. Sisi wajukuu tunalala. Asubuhi kawa iko pale pale. Anaifunua anatuambia, "Kuleni, babu yenu ameshiba." Tulikuwa tunafurahi sana, migebuka asubuhi! Kumbe kifungua kinywa chetu kilikuwa ni mtu hajaja.

Ndiyo, alimrushia bi mdogo maji ya moto siku moja. Yalimkosa. Kwenye ukoo wetu maji hayo yanasimuliwa kila mkikaa, sahani haijawahi kusimuliwa hata mara moja.

Si Waturuki peke yao, lakini. Patience Ozokwor amekuwa mama mkwe mbaya kwenye filamu za Nigeria miaka nenda rudi, na hatujawahi kuuliza yule mama ananyang'anywa nini pale, wakati wote tunajua uzee usio na mtoto wa kukuangalia. Na kwa mnaoangalia za Marekani: Walter White wa tamthilia ya Breaking Bad anapika dawa za kulevya, anaua, anadanganya, na mtu kero ni Skyler, mke mjamzito anayeuliza ulikuwa wapi. Walimchukia mpaka chuki ikamrukia mwigizaji mwenyewe, Anna Gunn, na mwaka 2013 akaandika gazetini, kwenye New York Times, kulalamika. Mtu ana kazi yake ya kuigiza, watu wanataka kumdhuru kwa kuwa na mume wa kwenye televisheni!

Kwa wanaosema Mahidevran alivuna alichopanda, Mustafa alinyongwa mwaka 1553, kwa amri ya baba yake, kwenye hema la baba yake. Mama akabaki Bursa. Wanahistoria wanaeleza kwamba kodi ya nyumba ilimshinda, na watumishi wake wakienda sokoni walikuwa wanadhihakiwa na kupunjwa. Mama wa mwana mkubwa wa Sultani, anapunjwa sokoni. Alikaa hivyo miaka mpaka mtoto wa Hürrem, Selim, alipotawala na kumsaidia. Ndiyo, mtoto wa Hürrem. Akafa 1581, wenzake wote wameshatangulia.

Jumapili, kwenye arobaini, mke wa yule wa Kalemie alikuwa jikoni anapakua pilau, macho mekundu, akisema ni moshi. Msusi wangu akamkumbatia muda mrefu. Pole mwaya, pole sana, sisi wote tuko na wewe. Kisha akaja kukaa mkekani pembeni yangu, akanikagua nywele, akaninong'oneza, "Jana uliondoka mapema. Mahidevran kalizwa tena, nimecheka mimi!"