Kazi ikiisha timu ikae kikao tuulizane nini kilienda vibaya, sawa, ila nani anauliza na anaulizaje?

Kuna kikao nilikaa baada ya projekti yetu kuchelewa miezi miwili, bosi akafungua na swali moja tu, "haya, nani alituchelewesha?", aisee ukimya ule, unasikia feni tu inazunguka na kila mtu anakagua simu yake. Tukatoka na ripoti inayosema mawasiliano yaboreshwe. Dogo wa stoo ambaye oda ilirudishwa kwake mara mbili kisa saini hakuitwa hata kwenye kikao 😅

Kwa hiyo wanaosema hivi vikao ni kupoteza muda mi siwalaumu, vingi ni mahakama tu. Ila ukiacha kabisa, kosa lile lile unalilipia tena mwakani na timu mpya.

Jeshi la Marekani wana maswali yao manne baada ya zoezi: tulipanga nini, kimetokea nini, kwa nini, safari ijayo tufanyeje. Angalia, "nani" haimo.

Na namna ya kuuliza sio jambo dogo. Mwaka 1974 watafiti wa saikolojia Loftus na Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, waliouliziwa spidi kwa neno zito kama "yalipobamizana" wakataja spidi kubwa kuliko walioambiwa "yalipogongana", na wiki moja baadaye waliosema waliona vioo vimevunjika, wakati havikuwepo, walikuwa wengi zaidi upande wao kuliko wa wenzao. Sasa bosi akianza yeye kuongea unadhani utapata kumbukumbu ya nani? Ndo maana mi napenda kila mtu aandike ya kwake kwanza, mapema, halafu ndo mkae pamoja.

Watu wa uwajibikaji hapo wanaruka, kwa hiyo mzembe ajieleze aende zake? Hoja ipo, nimeona timu ambazo "tusilaumiane" imekuwa kichaka cha kujifichia. Lakini cheki marubani wa Marekani, tangu 1976 wakikosea wanaiandikia NASA, sio mamlaka inayowapa leseni, majina yanafutwa, na ukiripoti ndani ya siku 10 kosa ambalo hukukusudia unaweza kuepuka adhabu. Makusudi, jinai na ajali zenyewe havimo kwenye huo msamaha. Yaani mpaka wa kinachosamehewa na kisichosamehewa umechorwa kabla mtu hajafungua mdomo, sio baada ya kusikia alichosema, na hapo ndo ofisi nyingi zinachemka.

Sehemu moja tu siungi mkono kuharakisha, watu wametoka kwenye tukio la kutisha, mfano uokoaji ulioisha na maiti. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kuchambua tafiti za afya, ya 2002 yalikuta kumkalisha mtu mara moja asimulie yaliyomkuta hakuzuii madhara ya akili baadaye, na kuna utafiti ulioonyesha hatari iliongezeka. Hao waulize kama redio zilisikika na vifaa vilitosha, mengine watasema wenyewe siku wakitaka.