Haji ana mimba ya miezi mitano

Hii ilinipata hapa Busia, upande wetu wa Uganda, na mpaka leo nikipita sokoni kuna wachinjaji wananiita Daktari wa Mimba. Ngoja niwape yote.

Kuna Haji mmoja anauza ng'ombe, watu wote wanamwita Haji Mkubwa, wateja wake wengi wanavuka kutoka Kenya kwa hiyo akataka tovuti ya Kiswahili, kila ng'ombe na ukurasa wake, picha, bei, sifa. Ng'ombe 31. Mtu mwenye akili angetafuta njia ya mkato akamaliza jioni ileile akaenda zake kula rolex, ile chapati ya mayai. Mimi nikajifanya fundi. Nikamwambia Haji mimi natumia m4, ile programu ya kubadilisha maneno, ya skrini nyeusi, waliitengeneza Kernighan na Ritchie mwaka 1977, na huyo Ritchie ndiye baba wa C, lugha ya kuandikia programu. Haji akanitazama. "1977 si ni wakati wa Amin? Na bado inafanya kazi?"

Inafanya. Unaiambia neno fulani maana yake ni hii, basi kila ikilikuta hilo neno inaliondoa inaweka ile maana. Namba ya Haji unaiandika sehemu moja tu, akibadilisha laini unapiga komandi moja kurasa zote 31 zinazaliwa upya. Utamu mtupu.

Sasa m4 ukitaka kuifungia maneno isiyaguse unafungua kwa ` na unafunga kwa ' na nyinyi mnajua ng'ombe anaandikwaje. Nikaandika `Ng'ombe wa leo' yenyewe ikaona nimeshafunga pale kwa Ng, ikanitolea Ngombe wa leo' yaani ile alama imeshuka kwa ng'ombe imeenda kukaa mkiani. Masaa mawili natafuta mchawi! Mwisho nikagundua changequote, komandi ya kubadilisha hizo alama, nikahamia mabano ya mraba, ng'ombe wakapona.

Halafu nikajichanganya kwenye bei. Nilitaka neno bei litoe "bei: 2,500,000", sasa m4 ikishaweka maana inarudi kuisoma tena, inakuta bei nyingine ndani, inaifungua, inakuta bei, inafungua... laptopu ikaanza kunguruma kama lori la ndizi linapanda mlima, memori ikaisha, haijatoa hata herufi moja. Hiyo nikarekebisha haraka, nikajiona mjanja sana.

Kumbe bado. Jina la Haji nalo nilikuwa nimeliwekea neno, nikachagua "mwenyewe", kwa sababu yeye si ndiye mwenyewe wa ng'ombe? Nikajaribu ukurasa mmoja, ukatoka safi kabisa, nikatoa zote, nikapandisha, nikalala.

Asubuhi simu. Haji hapumui vizuri. "Wewe kijana, nimekukosea nini?"

Nikafungua ukurasa wa tatu. Mimi kwa mkono wangu nilikuwa nimeandika "Ng'ombe mwenyewe mpole, hapigi teke, meno yote yapo." Sasa inasoma: "Ng'ombe Haji Mkubwa mpole, hapigi teke, meno yote yapo." Banange. Wa kumi na mbili: "Ukimshika pembe Haji Mkubwa anatulia." Nikateremka huku mkono unatetemeka mpaka nikafika kwenye ule mbaya wenyewe: "Haji Mkubwa ana mimba ya miezi mitano, akizaa atatoa lita 12 kwa siku."

Na nyuma ya simu namsikia Hajati anacheka mpaka anakohoa, anasema, "Hapo kwenye meno mmedanganya!"

Mnauliza ule ukurasa wa kujaribu ulitokaje safi. Hata mimi nilijiuliza mchana kutwa. Ule peke yake nilikuwa nimeupaka rangi, color:#630, kwenye mstari uleule wa sifa, na m4 ikiona # inahesabu mpaka mwisho wa mstari ni maelezo tu, haigusi kitu. Yaani nilipima ukurasa mmoja ambao hauwezi kuharibika.

Dawa yake nilibadilisha majina yote yakawa X_MWENYEWE, X_BEI, X_SIMU, vitu ambavyo hakuna mtu anavitamka hata akilewa. Dakika kumi. Lakini kufikia hapo picha za skrini zilishavuka mpaka, watu wa upande wa pili wanapiga simu kumwambia Haji hongera, mmoja akauliza anaweza kuja kumuona kabla hajazaa.

Nikajua pesa yangu imekwenda. Wallahi yule ng'ombe wa mimba ndiye aliyeuzwa wa kwanza, siku ya pili tu, na jioni yake mobile money ikaingia, hela yote haijapunguzwa hata shilingi. Pale kwenye sababu ya malipo Haji ameandika: "Gharama za kliniki."