Mama akivunjika mkono msiishie kwenye P.O.P

Huku kwetu Mwanza nyumba kibao ziko juu ya mawe, Igogo, Mabatini, Bugarika, na ngazi zenyewe za kuungaunga hazina hata pa kushika, sasa mama mtu mzima akiteleza kidogo akavunjika kifundo cha mkono wote tunalaumu ngazi, anafungwa P.O.P, ile plasta ngumu, wiki zikifika inatolewa, basi imeisha hiyo. Mimi hili silikubali kabisa.

Mtu amevuka 50, kaanguka akiwa amesimama tu, hajadondoka kwenye bodaboda, halafu mfupa umevunjika, hapo mfupa wenyewe inabidi uchunguzwe maana inawezekana umeshapungua nguvu. Na aliyevunjika mara moja yuko kwenye hatari zaidi ya kuvunjika tena, na safari ijayo inaweza kuwa nyonga, na nyonga jamani ni habari nyingine, operesheni, vidonda vya kulala muda mrefu, nimonia, na wengi hawarudi kutembea kama zamani.

Kwa wanawake hedhi ikishakoma estrojeni, homoni ya kike, inashuka na mfupa unapungua haraka kuliko unavyojengwa. Wala hauumi! Ndo maana kuna DEXA, eksirei ya mionzi kidogo sana, unalala wanakupima nyonga na uti wa mgongo, majibu yanakuja kwa namba: -1 kwenda juu uko sawa, -2.5 kushuka chini ndo osteoporosisi yenyewe, ugonjwa wa mifupa kupungua nguvu.

Najua mashine hiyo haipo kila hospitali, ila kuna FRAX, hesabu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Sheffield kule Uingereza, ipo toka 2008, inauliza umri, uzito, kama ulishawahi kuvunjika, kama mzazi wako alivunjika nyonga, sigara, pombe, dawa za steroidi kama prednisoloni, halafu inakadiria hatari yako ya kuvunjika mfupa ndani ya miaka 10 hata bila DEXA. Ni maswali tu, kwanini yasiulizwe siku ile ile P.O.P inatolewa? Daktari akisahau, wewe uliyemsindikiza mama uliza.

Dagaa wa mwaloni Kirumba waliwe wazima na mifupa yao, kalsiamu iko humo, minofu mitupu ya sangara haina ya maana. Lakini aliyefika -2.5 dagaa peke yake hawamtoshi, kuna dawa kama alendroneti, anameza asubuhi kabla hajala chochote, kwa maji matupu glasi nzima, na asirudi kulala kwa nusu saa maana inaunguza koo la chakula.

Na hizo ngazi zifungwe bomba la kushika basi, mafundi wa kuchomelea si wapo kila mtaa.