Kilichowahi Kuruka Nacho Kijaribiwe

Wiki iliyopita, katika kikao cha uhakiki wa usanifu, jaribio la bawaba za paneli za jua lilifutwa kwenye ratiba yetu kwa sentensi moja: bawaba za aina hiyo zilikwisha kuruka na setilaiti iliyotangulia, zikafunguka, basi hazina haja ya kuingizwa tena kwenye chemba ya ombwe, yaani chumba kilichoondolewa hewa. Karibu wote waliitikia kwa kichwa. Mimi nilitoka nimekasirika, na hasira hiyo haijapoa.

Mchoro unaweza kurithiwa, lakini hali ya kifaa hairithiwi. Bawaba ya safari hii imekerezwa siku nyingine, imepakwa kilainishi kutoka kopo jingine, imekaa ghalani muda wake na kutikiswa barabarani kwa namna yake.

Anayeona natia chumvi na aitazame Galileo, chombo cha NASA kilichotumwa kwenye sayari ya Mshtarii (Jupita). Chombo hicho kilipaswa kurushwa mwaka 1986, lakini ajali ya Challenger, chombo cha kubeba wanaanga, ikasogeza safari hadi Oktoba 1989, na katika kungoja huko kikapelekwa na kurudishwa kwa lori kati ya California na Florida. Antena yake kuu, yenye mbavu 18, ilikuwa imekunjwa kama mwavuli, na kila mtikisiko wa barabara ulizisugua pini za mbavu ndani ya vishikizo vyake. Kilainishi chake kikavu, molibdenamu disalfaidi, huteleza vizuri sana katika ombwe, lakini kikisuguliwa kwenye hewa yenye unyevu huchakaa upesi. Aprili 1991 mota ziliwashwa, mbavu chache zikakwama, na mwavuli ukabaki umefunguka upande. Wahandisi walikigeuza chombo kulielekea jua, kisha kulipa jua kisogo, ili joto na baridi vizilegeze pini. Wakazigongesha mota zaidi ya mara 13,000. Antena haikufunguka. Chombo kilichosanifiwa kutuma biti 134,000 kwa sekunde kutoka Mshtarii kikategemea antena ndogo ambayo, hata baada ya programu mpya, ilituma takriban biti 160. Kinachoniuma zaidi ni kwamba antena hiyo ilikuwa imefunguka vizuri ardhini. Baada ya safari zote zile za lori, hakuna aliyezipaka pini upya.

Genesis nayo, chombo kilichokuwa kikirudisha sampuli kutoka angani, iligonga ardhi ya Utah Septemba 2004 bila parachuti, kwa kuwa swichi za kuhisi kupungua kwa kasi ziliwekwa kinyume, na jaribio ambalo lingeligundua kosa hilo liliachwa kwa imani kwamba usanifu umetoka kwenye chombo kilichotangulia, Stardust.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kila jaribio hula sehemu ya uhai wa kifaa, na kwamba jaribio baya hudanganya. Kiunzi cha ndege ya Comet kilichotumiwa kupima uchovu wa metali (kudhoofika kwake kwa kubebeshwa mzigo tena na tena) kilikuwa kimekwisha kubebeshwa shinikizo kubwa kupita kiasi, metali ikakomaa penye pembe dhaifu, kikastahimili mizunguko ya shinikizo ipatayo 16,000. Ndege mbili zilizobeba abiria zilipasuka angani mwaka 1954, moja baada ya safari 1,290 na nyingine baada ya 900. Hilo linatudai tujaribu kwa uangalifu zaidi, wala halitupi ruhusa ya kuacha.

Miaka michache iliyopita nilisimama mbele ya kidirisha cha chemba nikiitazama bawaba ambayo mezani ilifunguka kwa sekunde mbili. Joto lilipofika nyuzi 40 chini ya sifuri, uzi ulioishikilia paneli ulikatwa, springi ikasukuma, na paneli ikasimama nusu ya njia, ikitetemeka kidogo. Sikio la alumini, yaani sehemu ya bawaba yenye tundu la pini, lilikuwa limesinyaa kuliko pini ya chuma iliyopita ndani yake, likaibana. Tulipopima tundu tulikuta limo ndani ya mipaka ya mchoro, ila upande wa chini kabisa, na tofauti kati yake na lile lililoruka salama ilikuwa mikroni chache tu. Mchoro ulikuwa uleule, na toleo la mchoro lilikuwa lilelile.

Nimeandika pingamizi langu na kuomba siku nne za chemba kwa bawaba zote nne zitakazoruka, zikiwa na pini, springi na kilainishi chake zenyewe, baada ya jaribio la mtetemo na si kabla yake.